Mabomba ya Gesi Chini ya Bahari: Kutu, Uchovu wa Chuma na Wajibu wa Kuyakagua

Na Mwandishi Wetu

Wananchi wanaofuatilia taarifa za sekta ya nishati wamezoea kusikia takwimu za aina mbili: kiasi cha gesi asilia kilichogunduliwa na idadi ya megawati zinazoingizwa katika gridi ya Taifa. Kati ya takwimu hizo mbili kipo kitu kisichotajwa mara kwa mara, nacho ni bomba la chuma lililolazwa chini ya bahari. Gesi iliyo ardhini haimfai mtu mpaka ifike kwenye mtambo, na mtambo usiofikiwa na gesi hauwashi hata taa moja. Usalama wa bomba hilo, umri wake na namna linavyokaguliwa ni mambo yanayomgusa moja kwa moja kila anayelipia umeme.

Suala hili lina uzito wa pekee katika kipindi hiki. Bomba la kwanza la gesi kupita baharini nchini, linalotoka Kisiwa cha Songo Songo wilayani Kilwa hadi Somanga Funga, lilianza kusafirisha gesi mwaka 2004 na sasa limepita miaka 20 ya kazi. Leseni ya uendelezaji wa kitalu cha Songo Songo ilitolewa Oktoba 2001 kwa kipindi cha miaka 25, hivyo kikomo chake cha awali ni Oktoba 2026. Wakati huohuo, Serikali imekuwa katika majadiliano na kampuni za kimataifa kuhusu mradi wa kusindika gesi asilia kuwa kimiminika, LNG, mkoani Lindi, mradi utakaohitaji mabomba mapya katika kina kirefu cha bahari. Taifa lina maamuzi mawili yanayokwenda sambamba: namna ya kutunza chuma kilichokwishafanya kazi miongo miwili, na namna ya kuchagua chuma kitakachofanya kazi kwa miongo ijayo.

Maamuzi hayo yanategemea sifa mbili za bomba: uwezo wake wa kustahimili ulikaji, ambao wengi tunaujua kwa jina la kutu, na uwezo wake wa kustahimili kile ambacho wahandisi hukiita uchovu wa chuma. Uchambuzi huu unaeleza sifa hizo, unaangalia yaliyozipata nchi nyingine, na unapendekeza mambo ambayo wananchi wanastahili kuyafuatilia.

Miundombinu iliyopo

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ile ya Ghuba ya Mnazi mkoani Mtwara mwaka 1982, zote mbili kupitia utafutaji uliofanywa na kampuni ya AGIP ya Italia. Ilichukua miaka 30 kwa gesi ya Songo Songo kufika sokoni. Mradi uliokamilika mwaka 2004 ulijenga mtambo wa kuchakata gesi kisiwani, bomba la baharini la inchi 12 lenye urefu wa takriban kilomita 25, na bomba la nchi kavu la inchi 16 lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200 hadi Ubungo, Dar es Salaam.

Mwaka 2015 ulizinduliwa mradi wa pili na mkubwa zaidi, uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na mkopo kutoka Benki ya Exim ya China. Mradi huo ulijenga mitambo ya kuchakata gesi Madimba na Songo Songo, bomba la inchi 36 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, na bomba la baharini la inchi 24 kutoka Songo Songo hadi Somanga Funga. Kwa miaka mingi kabla ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha umeme mwaka 2024, gesi hiyo ndiyo iliyozalisha zaidi ya nusu ya umeme wa gridi.

Mabomba ya gesi si chuma pekee kilichomo katika bahari yetu. Mafuta yanayoingia nchini kupitia boya la kupakulia la Mjimwema, Kigamboni, hufika nchi kavu kwa bomba lililopita chini ya maji. Huko Chongoleani, Tanga, bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda linaishia kwenye gati lililoingia baharini kwa takriban kilomita mbili. Nguzo na mabomba ya gati la namna hiyo hukaa katika eneo ambalo chuma hulika haraka kuliko mahali pengine popote: pale ambapo mawimbi na manyunyu hukilowesha mara kwa mara.

Adui wa kwanza: ulikaji

Chuma hutokana na mawe ya madini ambayo kwa asili yake huwa yameungana na oksijeni. Kiwanda hutumia moto na nishati nyingi kuvitenganisha. Kinapobaki peke yake mbele ya maji na hewa, chuma hurudi kilikotoka. Kutu ni chuma kilichorudiana na oksijeni.

Bahari huharakisha jambo hilo kwa sababu maji yake yana chumvi takriban gramu 35 kwa kila kilo, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Ulikaji ni tendo la kikemikali linaloambatana na mkondo mdogo wa umeme: sehemu moja ya chuma hupoteza chembe zake, sehemu nyingine hupokea umeme unaotoka hapo. Chuma cha kawaida kilichozama bila kinga hupungua unene kwa kadiri ya milimita 0.1 kwa mwaka. Katika eneo la mawimbi na manyunyu, ambako chuma hulowa na kukauka mara kwa mara na oksijeni ni tele, kasi hiyo inaweza kuwa mara tatu au zaidi. Joto la bahari ya ukanda wetu huongeza kasi hiyo.

Wastani huo, hata hivyo, unaweza kumpotosha msomaji. Bomba haliharibiki kwa kupungua unene sawasawa kote. Mara nyingi huharibika kwa vishimo vidogo vinavyochimbika kwenda chini mahali pamoja, pengine chini ya rangi iliyobanduka, huku sehemu zote zilizobaki zikiwa nzima. Kilomita 25 za bomba zinaweza kuwa imara na bado gesi ikavuja kupitia tundu lisilozidi upana wa kidole.

Ulikaji huweza pia kuanzia ndani. Gesi inapotoka kisimani huja na maji na, mara nyingi, hewa ya ukaa. Viwili hivyo vikikutana hutengeneza asidi hafifu inayokula ukuta wa bomba taratibu. Iwapo gesi ina salfaidi ya haidrojeni, ile hewa yenye harufu ya yai bovu, hatari hubadilika sura kabisa, kwa kuwa chuma kinaweza kupasuka ghafla kabla ya kupungua unene kwa kiasi cha kuonekana.

Adui wa pili: uchovu wa chuma

Ulikaji huonekana kwa macho, uchovu hauonekani. Mtu akitaka kukata waya bila koleo huupinda upande mmoja, kisha wa pili, na baada ya kurudia mara kadhaa waya hukatika. Hakuna pindo moja kati ya hayo lililokuwa na nguvu ya kuukata. Kilichoukata ni kurudia. Katikati ya karne ya 19, mhandisi wa reli wa Prussia, August Wöhler, alichunguza kwa nini ekseli za mabehewa zilivunjika wakati mzigo uliokuwa juu yake ulikuwa mdogo kuliko uwezo wake. Majaribio yake yalionesha kwamba maisha ya chuma hutegemea ukubwa wa mkazo unaojirudia na idadi ya marudio hayo.

Baharini marudio ni mengi mno. Tukichukua wimbi moja kila baada ya sekunde sita, muundo uliosimama baharini hupigwa na mawimbi zaidi ya milioni tano kwa mwaka, na zaidi ya milioni 100 katika miaka 20. Bomba lililolala sakafuni huepuka sehemu kubwa ya mawimbi hayo, lakini haliepuki mikondo ya maji. Pale ambapo mchanga umehamishwa na maji na bomba likabaki linaning'inia kati ya vilima viwili, maji yanayopita hutengeneza vizingia nyuma yake, na bomba huanza kutetemeka kama uzi wa zeze. Mtetemo huo huweza kuendelea usiku na mchana bila mtu yeyote juu ya maji kuutambua.

Kuna kanuni moja ya hesabu inayofaa kujulikana na wanaosimamia mikataba. Kwa viungo vilivyochomelewa, mkazo unaojirudia ukiongezeka mara mbili, maisha ya kiungo hupungua takriban mara nane. Hivyo kosa dogo la usanifu au la ujenzi hugharimu miaka mingi. Bomba la kilomita 25 lililoundwa kwa vipande vya mita 12 lina viungo vya kuchomelea zaidi ya 2,000, na kila kimoja ni mahali ambapo ufa unaweza kuzaliwa.

Tukio linalofundishwa zaidi katika somo hili lilitokea katika Bahari ya Kaskazini jioni ya Machi 27, 1980. Jukwaa lililoelea la Alexander L. Kielland, lililokuwa likitumika kama makazi ya wafanyakazi wa mafuta katika eneo la Ekofisk, Norway, lilipoteza mguu mmoja kati ya mitano na kupinduka. Watu 123 kati ya 212 waliokuwamo walifariki dunia. Uchunguzi ulibaini kuwa bomba moja kubwa la kuunganisha miguu lilikatika kwa uchovu. Ufa ulianzia kwenye kiungo cha kuchomelea chenye kipimo cha milimita sita tu, kilichoshikilia kifaa kidogo cha kupokea sauti chini ya maji. Ndani ya ufa huo zilikutwa alama za rangi, ishara kwamba ufa ulikuwapo tangu jukwaa lilipokuwa likipakwa rangi kiwandani. Jukwaa hilo lilikuwa limekabidhiwa mwaka 1976. Halikutimiza hata miaka minne ya kazi. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende.

Kemikali na mkazo vinapoungana

Ulikaji na uchovu vikikutana, madhara yake huzidi jumla ya kila kimoja. Kishimo cha kutu hukusanya mkazo na kuwa chanzo cha ufa. Ufa nao hufungua chuma kipya kisicho na kinga, ambacho maji ya chumvi hukishambulia mara moja. Katika hewa kavu, chuma kina kiwango cha mkazo ambacho chini yake kinaweza kurudia bila kuchoka. Katika maji ya bahari, bila kinga, kiwango hicho hutoweka, na maisha ya kiungo yanaweza kupungua mara mbili au tatu.

Mfano wa gharama kubwa wa kemikali na mkazo kushirikiana ni ule wa Kashagan, eneo la mafuta lililo kaskazini mwa Bahari ya Kaspi nchini Kazakhstan. Tofauti na Kielland, hapo mawimbi hayakuwa chanzo. Uzalishaji ulianza Septemba 2013 baada ya maandalizi ya zaidi ya muongo mmoja. Wiki chache baadaye ulisimamishwa kwa sababu bomba la gesi lilivuja. Gesi ya huko ina salfaidi ya haidrojeni kwa zaidi ya asilimia 10. Uchunguzi ulionesha kuwa katika baadhi ya maeneo ya viungo chuma kilikuwa kigumu kupita kiasi, na hewa hiyo ilikipasua. Mabomba mawili, la mafuta na la gesi, yenye jumla ya takriban kilomita 200, yalilazimika kubadilishwa kwa mabomba yenye tabaka la ndani la aloi isiyolika. Uzalishaji ulirejea mwaka 2016. Kwa miaka mitatu uwekezaji mkubwa ulikaa bila kuingiza mapato.

Somo la Kashagan linapingana na dhana iliyozoeleka kwamba chuma chenye nguvu zaidi ndicho bora zaidi. Ugumu wa chuma una kikomo chake. Kadiri kinavyozidi kuwa kigumu ndivyo kinavyokuwa rahisi kupasuliwa na haidrojeni. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya mabomba yanayobeba salfaidi ya haidrojeni huweka ukomo wa ugumu wa chuma na wa viungo vyake. Kadhalika, nguvu ya chuma haimsaidii sana mhandisi anayepambana na uchovu, kwa kuwa maisha ya kiungo kilichochomelewa hutegemea zaidi umbo na ubora wa kiungo kuliko daraja la chuma chenyewe. Mzabuni anayependekeza chuma cha daraja la juu ili apunguze unene wa ukuta anaweza kupunguza bei ya tani, lakini ukuta mwembamba hubeba mkazo mkubwa zaidi. Wanaotathmini zabuni wanapaswa kuliona jambo hilo kabla ya kuangalia bei.

Gesi yetu na bahari yetu

Tanzania ina bahati katika jambo moja. Gesi ya Songo Songo na ya Ghuba ya Mnazi ni safi: sehemu yake kubwa kabisa, zaidi ya asilimia 95, ni methane. Aidha, gesi ya Songo Songo huchakatwa na kuondolewa maji kisiwani kabla ya kuingia katika bomba la baharini. Gesi kavu hailiki chuma, kwa sababu asidi haiwezi kutengenezwa pasipo maji. Kwa hiyo hatari kubwa ya mabomba hayo iko nje kuliko ndani: hali ya tabaka la kinga, kusogea kwa mchanga, na shughuli za binadamu juu yake.

Faida hiyo ina sharti. Mtambo wa kukausha gesi ukilegea, hata kwa kipindi kifupi, maji huingia bombani na kutuama katika mabonde ya njia yake. Ulinzi wa bomba la baharini huanzia kwenye matunzo ya mtambo ulio kisiwani.

Hali itakuwa tofauti katika vitalu vya kina kirefu. Takwimu za Serikali zinaonesha kuwa kati ya futi za ujazo trilioni 57.54 za gesi iliyogunduliwa nchini, trilioni 47.13 ziko baharini katika kina kirefu. Kisima cha Zafarani katika kitalu namba 2, kilichotangazwa mwaka 2012, kilichimbwa mahali ambapo kina cha maji kinazidi mita 2,500. Katika kina hicho msukumo wa maji ni takriban mara 250 ya ule wa hewa tunayoivuta, na maji ya sakafuni ni baridi sana. Gesi italazimika kusafiri takriban kilomita 100 hadi ufukweni ikiwa bado na maji yake, kwa kuwa hakuna kisiwa cha kujenga mtambo karibu. Maji na gesi katika baridi na msukumo huo huweza kuganda kama barafu na kuziba bomba, hivyo hulazimu kuchanganya kemikali ya kuzuia kuganda. Kemikali hiyo, pamoja na dawa za kuzuia ulikaji, ndiyo itakayolinda ukuta wa ndani.

Njia ya mabomba hayo kutoka kilindini hadi ufukweni itapanda miteremko mikali ya sakafu ya bahari, na sehemu kadhaa zinaweza kubaki zikining'inia. Mahali hapo uchovu ndio utakaoamua umri wa bomba. Ndiyo sababu viwango vya usanifu vinavyotumika duniani hudai kwamba maisha ya bomba dhidi ya uchovu yakokotolewe kuwa marefu mara kadhaa kuliko miaka inayokusudiwa, na katika maeneo yenye hatari kubwa hadi mara kumi. Huo ni ulinzi dhidi ya yasiyojulikana: kiungo kisicho kamilifu, mkondo ulio mkali kuliko ilivyokadiriwa, na kishimo ambacho mkaguzi hakukiona.

Kinga ipo, lakini haijitunzi yenyewe

Uhandisi una majibu kwa sehemu kubwa ya matatizo haya. Ukuta wa nje hufunikwa kwa matabaka ya plastiki maalumu yaliyogandishwa juu ya chuma, na mara nyingi tabaka la zege huongezwa ili kulipa bomba uzito wa kutulia sakafuni. Kwa kuwa hakuna tabaka lisilo na mchubuko, hufungwa pia vipande vya aloi ya alumini au zinki vinavyozunguka bomba kama bangili. Vipande hivyo hulika badala ya chuma. Wenye meli na boti wanaifahamu kazi ya zinki inayofungwa karibu na rafadha. Kanuni ni ileile.

Kinga hiyo hupimika. Mpimaji hulinganisha umeme wa bomba na kipimo rejea cha fedha na kloridi ya fedha, na bomba huhesabiwa kuwa limelindwa likionesha volti hasi 0.80 au chini zaidi. Ikipanda juu ya hapo, kinga imeisha au inaisha. Ikishuka kupita kiasi nako kuna hatari, maana haidrojeni inayozalishwa inaweza kuingia katika chuma kigumu na kukidhoofisha. Kipimo hicho kimoja, kikichukuliwa kila baada ya muda uliopangwa na kuhifadhiwa, husimulia historia ya bomba kwa uaminifu kuliko maelezo mengi ya mdomo.

Kwa upande wa ndani, vifaa vyenye sumaku au mawimbi ya sauti husukumwa na gesi yenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho wa bomba, vikipima unene wa ukuta hatua kwa hatua. Kwa nje, roboti wa chini ya maji hupiga picha na kutambua mahali ambapo mchanga umeondoka. Sehemu inayoning'inia hutegemezwa kwa mifuko ya zege au mawe kabla mtetemo haujala maisha ya viungo. Kazi hizo ni za gharama, lakini gharama yake hailingani na ile ya kuinua bomba lililopasuka na kuzima mitambo ya umeme. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mambo yanayohitaji kusimamiwa

Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 imeweka wazi mgawanyo wa majukumu. Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli, PURA, inasimamia utafutaji na uzalishaji. EWURA inadhibiti shughuli za mkondo wa kati na wa chini, yakiwamo mabomba ya kusafirisha na kusambaza gesi. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, ndilo linaloshikilia maslahi ya Taifa katika miradi. Vyombo vipo. Swali la wakati huu ni namna vitakavyoitumia nafasi hii ya mpito.

Kwanza ni suala la urithi. Leseni inapofikia ukomo, iwe itahuishwa au miundombinu itabadilisha mwendeshaji, anayepokea bomba anapokea pia kila kishimo kilichomo. Busara inataka ukaguzi kamili wa ndani na nje ufanyike kabla ya uamuzi, na gharama za matengenezo zilizobainika zihesabiwe katika thamani ya makubaliano. Bomba lililokaguliwa na kukutwa imara linaweza kuongezewa miaka ya kazi kwa usalama. Umri wa miaka 20 peke yake si hukumu ya kifo. Bomba lisilo na kumbukumbu ni deni lisilojulikana kiasi, na deni hilo humwangukia mlipakodi.

Pili ni kumbukumbu zenyewe. Vyeti vya chuma kutoka kiwandani, picha za kila kiungo, vipimo vya kinga na taarifa za ukaguzi vinapaswa kuwa mali ya nchi na kuhifadhiwa nchini katika mfumo unaosomeka hata mkandarasi akiondoka. Katika mikataba ya mradi wa LNG, kipengele hicho kina thamani sawa na kipengele cha mgawanyo wa mapato, kwa sababu bila kumbukumbu hakuna awezaye kukokotoa maisha yaliyobaki ya bomba.

Tatu ni utaalamu. Kuchomelea bomba la gesi ni kazi ya kuthibitishwa kwa mtihani, na kukagua kiungo kwa mionzi au mawimbi ya sauti ni taaluma inayojitegemea. Vyuo vya VETA vinafundisha uchomeleaji, vyuo vikuu vinafundisha sayansi ya metali, na Shirika la Viwango Tanzania lina dhamana ya ubora. Sera ya ushiriki wa Watanzania itakuwa na maana zaidi ikiwa vijana wa Lindi na Mtwara watashika nafasi za wakaguzi na wathibitishaji zinazodumu kwa miaka yote ya uhai wa bomba, kuliko kuishia katika vibarua vya ujenzi vinavyokwisha baada ya miezi.

Nne ni wavuvi. Nanga inayokokotwa juu ya bomba huchubua tabaka la kinga, na mchubuko huo ndio mwanzo wa kishimo. Uvuvi wa baruti, mbali na kuwa kosa la jinai na kuangamiza matumbawe, ni tishio kwa kila kilichopo sakafuni. Hata hivyo, kumtaka mvuvi wa Somanga au Songo Songo alinde bomba kunahitaji kumshirikisha. Aoneshwe njia yake, maboya ya alama yatunzwe, apewe namba ya kutoa taarifa anapoona mapovu juu ya maji, na sauti yake isikilizwe pale njia mpya zitakapopangwa katika maeneo anayovua.

Tano ni mwisho wa safari. Sheria inawataka wamiliki wa leseni kuandaa mpango na fedha za kuondoa miundombinu baada ya uzalishaji. Fedha hizo zinapaswa kutengwa wakati gesi bado inauzwa. Kisima kikikauka, mwekezaji hana tena mapato ya kumshikilia, na chuma kinachooza baharini hubaki kuwa tatizo la wenye bahari.

Yote haya yanaelekea jambo moja ambalo wananchi wana haki ya kulitarajia: muhtasari wa hali ya mabomba ya Taifa unaotolewa hadharani kwa vipindi vinavyojulikana, ukieleza lini bomba lilikaguliwa, nini kilibainika na nini kimefanyika. Muhtasari huo hauhitaji kufichua siri za kibiashara wala za usalama. Utampa mwananchi anayesoma kuhusu matrilioni ya futi za gesi uwezo wa kujua kama njia ya kuifikisha kwake ni salama, na utawapa wasimamizi sababu ya kudumu ya kwenda kukagua mahali ambapo jicho la kawaida halifiki.